Nilibonyeza "Enable Content" kwenye faili la mteja. Je, nipige Windows upya?

SWALI: Nina steshenari ndogo karibu na chuo hapa Morogoro, kompyuta mbili, Windows 10 na Office 2010. Wanafunzi huniletea ripoti zao za fildi kwenye flashi, nazirekebisha na kuprinti. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alileta faili la Word. Lilipofunguka, juu ukatokea ukanda wa njano ukisema makro zimezimwa, naye akaniambia, "Bonyeza tu hapo dada, ndiyo linafunguka vizuri." Nikabonyeza. Tangu siku hiyo, kila nikifunga Word inaniuliza kama nihifadhi mabadiliko ya Normal wakati sijabadilisha chochote. Nikihifadhi kazi kama .docx unakuja ujumbe wa "VB project" ambao sijawahi kuuona. Jana mteja mwingine amerudi na kuniambia kompyuta ya chuo imekataa faili nililomchapia, eti lina virusi. Antivirusi yangu haijasema kitu. Fundi anasema dawa ni kupiga Windows upya, shilingi elfu ishirini. Ni kweli? Na kazi za wateja zilizomo zimeharibika zote?

JIBU: Dada yangu, pole, na usimpe fundi hiyo elfu ishirini leo. Kwa dalili ulizoeleza, ugonjwa haujakaa kwenye Windows. Umekaa ndani ya Word, na ndani ya baadhi ya mafaili uliyohifadhi katika wiki hizi mbili. Akipiga Windows upya, kwa kawaida atafuta sehemu ya C ya diski, ile yenye Windows, na kuziacha kazi ulizohifadhi sehemu ya D kama zilivyo. Faili bovu la kwanza utakalofungua kutoka D na kulibonyezea ule ukanda litarudisha kila kitu mahali pake. Utakuwa umelipa, umefunga duka siku nzima, na kirusi kimo humo humo.

Usafishaji wenyewe hauchukui muda mrefu. Lakini nimeona watu wengi wakisafisha bila kujua wanasafisha nini, na baada ya wiki wako palepale. Kwa hiyo nivumilie nikueleze kwanza kitu chenyewe.

Makro ni maagizo yanayokaa ndani ya hati na kuifanya Word itende kazi yenyewe. Karani wa shule mwenye barua 300 za wazazi anaweza kuandika makro inayoweka tarehe, kupanga aya na kubadilisha jina la mzazi kwenye kila barua, yeye akaenda kunywa chai. Ni kitu kizuri, na wahasibu wengi hawawezi kazi bila makro za Excel. Lakini lugha yanayoandikwa maagizo hayo, VBA, ni lugha kamili ya kompyuta. Inaweza kufuta mafaili, kwenda intaneti kupakua programu, na kutuma barua pepe kwa jina lako. Tena yapo majina maalumu: makro ikiitwa AutoOpen au Document_Open, Word huiendesha pale tu hati inapofunguka, ikiitwa AutoClose, inapofungwa. Haisubiri uiite.

Kilichokupata wewe kimepitia kwenye Normal. Ukifungua ukurasa mtupu, Word huuchota kwenye kiolezo kimoja kinachoitwa Normal.dotm, ambacho ndicho kinachojua fonti yako, pambizo zako na mipangilio yako yote ya kawaida. Kirusi hunakili maagizo yake kutoka kwenye hati ya mteja na kuyapandikiza kwenye Normal. Kuanzia hapo ni kama bakuli lililobaki na hamira: kila donge utakalokanda humo litaumuka. Folda ya violezo vyako Word inaiamini bila kuuliza, na ndiyo maana ulibonyeza mara moja tu, hukuulizwa tena.

Ule ujumbe wa kuhifadhi mabadiliko ya Normal peke yake usingenitosha kukuambia una kirusi. Programu halali zinazojipachika kwenye Word nazo huweza kuuleta. Ujumbe wa "VB project" ndio ulionishawishi. Faili la .docx haliruhusiwi kubeba makro, na Word inakuambia kwamba hati unayotaka kuihifadhi ina makro ndani yake. Wewe hukuandika makro yoyote, basi nani ameiweka? Hebu pia angalia jina la faili lililokataliwa chuoni. Nadhani utakuta linaishia na .doc, ile aina ya "Word 97-2003", ambayo hubeba makro bila kusema neno. Yale uliyohifadhi kama .docx yaliachiwa makro mlangoni. Hii ni habari njema kwako, nitairudia.

Ugonjwa huu una umri mkubwa kuliko wanafunzi wengi wanaokuletea ripoti. Hadi katikati ya 1995 watu waliambiwa kwa uhakika kwamba virusi hukaa kwenye programu na kwenye sehemu ya diski inayowashia kompyuta, na kwamba barua au ripoti haiwezi kumwambukiza mtu. Mwaka huo kikatokea kirusi kilichopewa jina Concept. Mtu akifungua hati yenye Concept kwa mara ya kwanza, aliona kisanduku kidogo chenye tarakimu 1 na kitufe cha OK, basi. Hakikufuta kitu. Ndani yake ilikuwamo makro iliyoitwa PayLoad, na aliyekiandika aliacha humo sentensi moja tu, ya kusema kwamba hiyo inatosha kuthibitisha hoja yake. Na hoja aliithibitisha, kwa sababu Concept kilisambaa duniani kwa kasi, kwenye Windows na kwenye Macintosh, maana kilikuwa kikiishi ndani ya Word na hakikujali Word imekaa kwenye mashine gani. Kilifika hadi kwenye CD iliyotolewa na Microsoft wenyewe. Mwaka uliofuata, 1996, Laroux kikafanya hivyo hivyo kwenye Excel.

Kisha Ijumaa ya tarehe 26 Machi 1999 ikaja Melissa. Hii nakuomba uisome kwa makini, kwa sababu inafanana sana na lililokutokea. Mtu aliyeitwa David L. Smith, wa New Jersey nchini Marekani, aliweka hati ya Word iliyoitwa list.doc kwenye kundi la majadiliano la intaneti. Aliyeifungua na makro zikaruhusiwa, kirusi kilichukua anwani 50 za kwanza kwenye kitabu chake cha anwani na kuzitumia hati hiyo kwa jina lake. Ujumbe ulimwambia mpokeaji kwamba hii ndiyo ile hati aliyoiomba, na asimwonyeshe mtu mwingine. Mpokeaji aliona jina la mfanyakazi mwenzake, la mkubwa wake, la ndugu yake. Nani angekataa? Mifumo ya barua pepe ya makampuni makubwa ikaelemewa hadi mingine ikazimwa kwa muda. Smith alikamatwa siku chache baadaye, akakiri kosa mwezi Desemba mwaka huohuo kwamba alisababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 80, na mwaka 2002 akahukumiwa miezi 20 jela na faini ya dola 5,000.

Kuna jambo la Melissa ambalo halisemwi sana, na kwa mtu wa steshenari ndilo zito zaidi. Kirusi kile kiliingia kwenye Normal, kwa hiyo hati nyingine zilizofunguliwa kwenye kompyuta hiyo ziliambukizwa pia. Zikifunguliwa kwingine, hizo nazo zingeweza kutumwa kwa watu 50. Hati za siri zingeweza kutoka ofisini bila mwenyewe kujua. Fikiria kompyuta yako wewe: kuna CV za watu zenye namba za simu, barua za mahakamani, mikataba ya viwanja, nakala za vitambulisho. Vyote umeaminiwa navyo.

Baada ya Melissa, Microsoft walibana. Office 2000 ilileta viwango vya usalama wa makro. Office 2007 ikatenganisha mafaili, .docx yasiyo na makro na .docm yenye makro, na kuleta ule ukanda juu ya ukurasa. Office 2010 ikaongeza hali ya kusoma tu kwa mafaili yaliyotoka intaneti. Kwa miaka kadhaa virusi vya makro vikawa kama vimekwisha. Kuanzia kama 2014 vikarudi kwa nguvu, na mbinu mpya ilikuwa nyepesi kuliko zote: kumwomba mtu abonyeze mwenyewe. Hati za Locky, kirusi cha 2016 kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, zilifunguka zikiwa na herufi zilizovurugika, na juu yake maelezo kwamba kama maandishi hayasomeki basi washa makro. Hati za Emotet, kirusi kingine cha miaka hiyo, zilijidai zimeundwa na toleo la zamani la Office, kwa hiyo bonyeza kitufe hiki kisha kile uzione. Nchini Ukraini, umeme wa wateja wapatao 225,000 ulikatwa kwa saa kadhaa tarehe 23 Desemba 2015, na wavamizi walikuwa wameingia kwenye kampuni za umeme miezi kadhaa kabla kupitia hati za Office zenye makro zilizotumwa kwa wafanyakazi.

Yule kijana alikuambia "ndiyo linafunguka vizuri." Simdhanii vibaya, inawezekana kabisa naye aliambiwa hivyo na mwenzake, na flashi yake imepita kompyuta kumi. Lakini maneno yake ni yaleyale ya Locky na Emotet. Kwa hiyo shika hili: ripoti ya fildi haihitaji makro. CV haihitaji makro. Barua, mkataba, muhtasari wa kikao, mtihani wa darasa la saba, kadi ya mwaliko, hakuna hata kimoja kinachohitaji makro ili kifunguke vizuri. Kwenye biashara yako sioni hati ya Word itakayokulazimu kubonyeza ule ukanda. Excel ya mhasibu ni jambo jingine, na huyo ana kompyuta yake.

Sasa kazi yenyewe. Virusi hivi viko vya namna mbili. Vya zamani hukaa ndani ya Word na kazi yao ni kuzaana kutoka hati hadi hati. Hivi ndivyo dalili zako zinavyoonyesha. Vya sasa havina haja ya kuzaana: makro hufanya jambo moja tu, kwenda intaneti kupakua programu mbaya zaidi, kisha Word inarudi kuwa ya kawaida kabisa, na programu hiyo inakaa pembeni ikisoma maneno yako ya siri. Kwa sababu siwezi kuliona faili lile kwa macho, tunatibu vyote viwili. Anza na hicho cha pili.

Fungua Windows Security, hakikisha orodha ya virusi imesasishwa leo, kisha kwenye sehemu ya aina za ukaguzi chagua "Microsoft Defender Offline scan". Kompyuta itajizima, iwake na kujikagua kabla Windows haijaamka, kama robo saa hivi. Ubora wake ni kwamba programu mbaya inakuwa bado haijapata nafasi ya kujificha. Ukiwa humo humo, tazama mahali palipoandikwa "Exclusions". Kama kuna folda au diski iliyoorodheshwa pale na hukuiweka wewe, iondoe. Watu wanaoweka Office ya kukreki mara nyingi huambiwa na ile programu ya kukrekia wazime antivirusi kwanza au waiambie isiangalie folda fulani, na hawairudishi tena. Sijui ya kwako iliwekwaje na sikuhukumu, lakini kama antivirusi yako imekaa kimya wiki mbili huku ya chuo ikipiga kelele kwa faili lilelile, hapo ndipo ningeanza kutafuta sababu.

Ukaguzi ukikuta kitu nje ya Word, yaani programu iliyojipachika kwenye Windows, basi hapo fundi wako atakuwa na haki, na kupiga Windows upya ndiyo njia salama. Badilisha pia maneno yako ya siri ya barua pepe na ya benki, ukitumia simu au kompyuta nyingine, si hiyo. Usipokuta kitu, tuendelee na Word.

Funga Word kabisa, na Outlook kama unaitumia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika %appdata%\Microsoft\Templates, kisha Enter. Utaona Normal.dotm. Usiifute, ibadilishe jina, iite kwa mfano Normal-mbovu.old. Kisha ingia kwa njia hiyohiyo kwenye %appdata%\Microsoft\Word\STARTUP. Kwa steshenari nyingi folda hiyo huwa tupu. Ukikuta kitu usichokijua, kitoe ukiweke pembeni. Fungua Word. Itaunda Normal mpya, safi. Utapoteza fonti uliyoizoea na mitindo uliyojitengenezea, na hiyo utaipanga upya kwa dakika tano.

Kabla hujafungua hati yoyote, nenda File, Options, Trust Center, kisha Trust Center Settings. Mahali pa makro chagua "Disable all macros without notification". Ukanda wa njano hautaonekana tena, na hakuna mteja atakayekuambia ubonyeze kitu ambacho hakipo. Chini yake kuna kisanduku kinachohusu kuamini "VBA project object model". Kisiwe na tiki. Kikiwa nayo, ama kuna mtu aliitia, ama kirusi kiliitia chenyewe ili kipate ruhusa ya kuandika ndani ya hati nyingine. Halafu kuna sehemu ambayo hata mafundi wengi huisahau: "Trusted Documents". Office 2010 hukumbuka kila hati uliyowahi kuibonyezea ule ukanda, na haikuulizi tena kuhusu hati hiyo. Pale pana kitufe cha kufuta kumbukumbu yote hiyo, kibonyeze. Mwisho tazama "Trusted Locations". Folda za violezo zitakuwapo na ni sawa, lakini Desktop, diski D au herufi ya flashi havitakiwi kuwamo.

Rudia hayo yote kwenye kompyuta ya pili kabla ya kuhamisha faili hata moja kati ya hizo mbili.

Kazi za wateja hazijaharibika, maana kirusi cha namna hii hujibandika tu, na maandishi kwa kawaida hubaki yalivyo. Zipange kwa tarehe. Zilizohifadhiwa kabla ya siku ile ziache. Za baada yake zenye .docx hazina makro ndani, kama nilivyokuambia. Zinazobaki ni za .doc na .docm za wiki hizi mbili, na naamini si nyingi. Zifungue moja moja kwenye Word uliyokwisha kuifungia makro, na kila moja ihifadhi upya kwa "Save As" kuwa .docx. Ule ujumbe wa VB project ukija, kubali ihifadhiwe bila makro, ndicho tunachotaka. Tazama ukurasa wa yaliyomo na majedwali kama yamekaa sawa, kisha ile ya zamani ifute. Ukitaka kumwona mgeni mwenyewe kabla ya kumtoa, bonyeza Alt na F11, utaona maandishi yake ndani ya "ThisDocument" au kwenye moduli yenye jina la ajabu. Si lazima, lakini nimegundua watu wakishaona kwa macho maagizo yaliyokuwa yamejificha chini ya barua ya kawaida, hawaisahau siku hiyo.

Kuna jambo linanikera kidogo, nalo linakuhusu wewe kuliko watu wa maofisi makubwa. Mwaka 2022 Microsoft walichukua hatua ambayo wataalamu waliililia kwa miaka mingi: makro za mafaili yaliyotoka intaneti zikaanza kuzuiwa moja kwa moja, bila hata kitufe cha kuziruhusu kwenye ukanda. Wavamizi walihama kwa haraka, wakaanza kutumia mafaili ya njia za mkato (shortcut), mafaili ya .iso yanayobeba diski nzima ndani yake, na mafaili ya OneNote, programu ya daftari ya Microsoft. Hatua ilifanya kazi. Lakini inategemea nini? Inategemea alama ndogo ambayo Windows huibandika kwenye faili likipakuliwa, kusema kwamba hili limetoka nje. Alama hiyo hukaa tu kwenye diski zenye mpangilio wa NTFS. Flashi nyingi tunazonunua zina mpangilio mwingine, FAT32 au exFAT. Mwanafunzi akipakua hati kwenye kompyuta yake, akaihamishia kwenye flashi na kukuletea, alama imeanguka njiani. Kompyuta yako inaipokea kama hati iliyozaliwa humo dukani. Na Office 2010 yenyewe haimo kwenye matoleo yaliyopewa kinga hiyo. Microsoft waliacha kuitengenezea masahihisho Oktoba 2020. Kwa hiyo watu wanaofanya kazi kwa flashi, yaani karibu steshenari zote ninazozijua, kinga kubwa kuliko zote haiwafikii. Ndiyo maana nimesisitiza ule mpangilio wa kuzima makro bila taarifa. Kwako ndio ukuta.

Ukiweza, fanya na haya. Wateja wanaotaka kuprinti tu waombe walete PDF. Haina makro za Word, na pia mpangilio wa kurasa haurukiruki, kwa hiyo hata malalamiko yatapungua. Kwa anayetaka marekebisho, ifungue hati kwanza kwa LibreOffice, ambayo ni programu ya bure inayofanana na Office na kwa kawaida haiendeshi makro zilizotoka kwa mtu usiyemjua. Sikushauri uhamie huko moja kwa moja, kwa sababu ripoti ndefu zenye kurasa za yaliyomo wakati mwingine hupotoka, na mwanafunzi mwenye tarehe ya mwisho kesho hatakuelewa. Itumie kuchungulia. Hata simu yako inafaa: Word ya kwenye simu haiendeshi makro hizi. Ruhusu Windows ionyeshe mikia ya majina ya mafaili, ili kitu kilichoandikwa ripoti.docx.exe kisikupite kikijifanya ripoti. Nunua diski ya nje, nakili kazi zako kila Jumamosi, kisha ichomoe na uiweke kabatini. Virusi vya kudai fidia hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa.

Usichanganye jambo hili na lile la mafaili ya flashi kugeuka njia za mkato, ambalo najua unakutana nalo karibu kila wiki. Huo ni ugonjwa mwingine: programu huficha mafaili halisi ya mteja na kuweka njia za mkato mahali pake, na ukizibofya inaingia kwenye kompyuta. Kuzima makro hakuuzuii. Ukiiona flashi ya namna hiyo, usibofye chochote ndani yake. Ikague na antivirusi kwanza, kisha fungua "Command Prompt" na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yenyewe badala ya E. Mafaili yaliyofichwa yatatokea.

Na nisikudanganye kwamba .docx ni salama kwa asilimia mia. Hati ya .docx inaweza kuagizwa ikachukue kiolezo chenye makro kutoka intaneti, na Mei 2022 iligunduliwa njia iliyoitwa Follina iliyoingia kupitia hati ya Word bila makro yoyote. Ile ilizibwa kwa masahihisho ya Windows, ndiyo maana masahihisho yana thamani ya bando yake. Windows 10 nayo iliacha kupata masahihisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, basi ukianza kuweka akiba ya kompyuta nyingine, anza na ile unayochomekea flashi za wateja. Hii ya sasa iache ifanye kuchapa tu.

Yule mteja ambaye faili lake lilikataliwa mpigie leo. Mwambie usimfiche: kompyuta yangu ilikuwa na kirusi, kazi yako ni nzima, njoo uchukue faili jipya. Mpe la .docx ulilolisafisha, na mwombe afute lile la zamani kwenye flashi na kwenye kompyuta yoyote aliyolifungulia, kisha yeye naye aibadilishe jina Normal yake kama ulivyofanya wewe. Wengine wote uliowapa mafaili ya .doc katika wiki hizi mbili watumie ujumbe huohuo. Na yule kijana wa kwanza, ukimpata, mkalishe kwenye kiti chako umwonyeshe kwa Alt na F11 kilichokuwa ndani ya ripoti yake, kwa sababu flashi ile bado anatembea nayo.